Vioo Viliitikia Marahaba

Nchi yenyewe ipo, ila msiitafute kwenye ramani. Ramani zake zimekusanywa zote, zinapakwa rangi upya. Jina lake nalo tuliache lilale, maana kila anayelitaja huitwa aeleze alilitaja kwa nia gani. Itoshe kwamba ni nchi ya milima, mvua na baridi, na watu wake wana adabu hakuna mfano. Adabu hiyo ndiyo iliyowafikisha walikofika.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mlezi. Hakuitwa rais, kwa sababu rais huchaguliwa, na mlezi nani humchagua? Mtoto huzaliwa akamkuta. Mlezi huyo alikuwa na huruma. Alijua kwamba wanawe hupata kiwewe wasipomwona, basi akaagiza ng'ambo vioo vikubwa vya picha, kila kimoja upana wa ukuta. Vikatundikwa sokoni, stendi, mashuleni, mahakamani, hadi kwenye wodi za hospitali, ili popote mtu atakapogeuza shingo akutane naye. Kwenye vioo hivyo Mlezi alipunga mkono, akafungua daraja, akanywa uji, akalifungua daraja lile lile tena.

Picha zilikuja kwa njia ya hewa, lakini kioo ni kitu kisicho na akili, sharti kiambiwe. Kwa hiyo pakawekwa Chumba cha Amri ndani ya Wizara ya Mwangaza, Sura na Sauti. Chumbani humo ulianzia waya mmoja, ukaingia ardhini, ukazunguka nchi na kugusa kila kioo. Na kila kioo kilikuwa na namba yake, kama mfungwa. Ukiandika namba na neno moja, ukabonyeza kutuma, neno linakimbia ndani ya waya herufi nyuma ya herufi, kama siafu. Vioo vyote vinalisikia likipita, lakini kinachotii ni chenye namba yake. Ukiandika WASHA, kinawaka. ZIMA, kinazima. PANDISHA, sauti inapanda, SHUSHA, inashuka. Kikielewa kinajibu SAWA, kisipoelewa kinajibu KOSA. Neno la tatu hakikufundishwa.

Aliyekalia kiti cha kuandika alikuwa Bi Siwatu Mkangara, mama wa makamo, mjane, mwenye binti mmoja tu duniani, Zaituni. Kazi yake aliifanya kama anayechambua mchele, taratibu, bila kelele. Na alikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote.

Umeme wa nchi ile ulikuwa wa mgao. Ukikatika, hospitali ya bondeni ilibaki na jenereta lake, na jenereta lile halikuweza kubeba mawili: ama lilishe kioo, ama lilishe zile mashine za joto wanamowekwa watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Akina mama huziita chupa. Sheria ilisema kioo kwanza. Kitufe cha kuzimia kilikuwa kimezibwa kwa saruji, waya wa umeme umechimbiwa ukutani, na mbele ya kioo alisimama askari, mgonjwa asije akakigusa kwa bahati mbaya, au kwa bahati nzuri. Basi nesi wa wodi ile, binti mmoja aitwaye Kibibi, alikuwa akipiga simu Wizarani.

"Shikamoo, Bi Siwatu. Kibibi wa wodi ya njiti."

"Marahaba, mwanangu. Wamekata tena?"

"Wamekata. Jenereta linakohoa kama babu. Mlezi anawaka, chupa zangu zinapoa."

"Ngoja nimlaze kidogo."

Bi Siwatu aliandika 31 ZIMA. Kioo kikajibu SAWA. Bondeni Mlezi alitoweka na uji wake mkononi, joto likarudi kwenye chupa, na njiti wakaendelea kukunja ngumi zao zilizo kama karafuu. Umeme uliporudi aliandika 31 WASHA, na Mlezi akaumalizia uji. Mlezi hakujua kwamba huwa analala mchana, na watoto hawakujua nani amelazwa kwa ajili yao. Hivyo ndivyo nchi ile ilivyokuwa ikienda, na kusema kweli ilikuwa ikienda.

Siku moja Waziri wa Mwangaza, Sura na Sauti, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bwanausi, aliwaleta wageni wake waone Chumba cha Amri. Alikuwa na tumbo la mbele na hotuba ya mfukoni. Ndiyo kwanza afike mlangoni, kijana Mwinjuma, msaidizi wa Bi Siwatu, akapaza sauti kutoka kona yake:

"Bi Siwatu ee! Sokoni umeme umeshuka! Nimzime Mlezi au nimwache?"

"Mzime!" akajibu Bi Siwatu bila kugeuka. "Unamwogopea nini?"

Wageni wote wakageuka kumtazama Waziri.

"Amzime nani?" akauliza Waziri.

Bi Siwatu akasimama. "Shikamoo, Mheshimiwa. Kioo, Mheshimiwa. Tunaamrisha kioo."

"Na ndani ya kioo kuna nani?"

Hapo mama wa watu alikwama. Akisema kuna Mlezi, amekiri. Akisema kuna picha, amesema Mlezi ni picha. Akainamisha kichwa, na katika nchi ile kuinamisha kichwa lilikuwa jibu linalokubalika.

"Ndugu wageni," akasema Waziri, akitoa hotuba mfukoni kisha akairudisha, kwa kuwa hii ilikuja yenyewe, "mmejionea. Adui hayuko mpakani! Adui yumo katika sarufi! Mtoto anamwambia mzazi wake 'zima', tena bila hata shikamoo! Je, hili ni taifa au ni genge?"

Ikaundwa Kamati ya Lugha ya Adabu. Ilikutana kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea, kwa sababu lugha ni kitu kizito na hakifikiriwi penye joto. Ikatoka na maamuzi yake. Kwanza, Chumba cha Amri kiitwe Chumba cha Maombi. Pili, asiandikiwe Mlezi neno lolote pasipo kuanza na SHIKAMOO. Tatu, neno ZIMA lifutwe kwenye waya, vinywani na vitabuni, na mahali pake liwekwe neno lenye staha: KAMILI. Kioo hakitazimwa, kitakamilishwa.

Kamati haikuwa na ubaguzi. Palipokuwa na zima, liwe la kuzima taa au la uzima wa mtu, liliondolewa. Nchi nzima ikawa nchi kamili. Mtu mzima akawa mtu kamili, na aliyeulizwa hali, badala ya kusema yu mzima, akasema amekamilika. Mtu akienda kuazima chumvi kwa jirani, alisema amekuja kuakamilisha, na jirani kwa kutoelewa akamnyima. Zimamoto wakaandikwa upya ubavuni mwa magari yao: Kamilisha-Moto. Nyumba ya fundi cherehani mmoja ilipowaka, waliitwa, wakaja, na kwa kuwa walikuwa watumishi watiifu waliukamilisha ule moto, haikubaki hata nguzo. Neno moja tu lilijadiliwa kwa siku nyingi likashindikana, nalo ni lazima. Lina zima ndani yake, waziwazi. Lakini likaachwa, maana Waziri alisema serikali inaweza kuishi bila umeme, bila dawa na bila barabara, ila bila lazima haiishi.

Siku ya kuyazindua maombi mapya, Mwinjuma ndiye aliyekalia kiti, Waziri amesimama nyuma yake. Kijana akaandika kama alivyosomewa: 31 SHIKAMOO MLEZI, KWA HESHIMA NA TAADHIMA TUNAKUOMBA UKAMILIKE KIDOGO.

Kioo kikajibu: KOSA.

"Kosa la nani?" akauliza Waziri.

"Ni kwamba hakikuelewa, Mheshimiwa," akasema Mwinjuma.

"Mlezi hakuelewa?"

"Hapana, Mheshimiwa! Mlezi ameelewa. Kioo..."

"Rudia."

Akarudia. KOSA. Akarudia tena. KOSA.

"Mara tatu," akasema Waziri kwa huzuni. "Mlezi mwenyewe, kwa kinywa cha kioo, anasema kuna kosa. Aliyeandika ni nani?"

Mwinjuma akapelekwa mahakamani, na kioo cha mahakama kikawa shahidi. Hakimu alisema tangu aanze kazi hajapata kuona shahidi thabiti kama yule: aliulizwa maswali mchana kutwa na hakubadilisha neno. Kijana akafungwa. Mama yake alipokuja Wizarani kuuliza mwanawe amekosa nini, aliambiwa akaulize kioo.

Bi Siwatu alitazama kile kiti cha Mwinjuma kilichobaki kitupu, akajifunga kanga vizuri, akaendelea na kazi. Alikuwa na binti, na binti alikuwa mjamzito. Mtu mwenye cha kupoteza hujifunza haraka.

Haukupita muda Waziri akaja na dawa ya KOSA. Lilikuwa sanduku dogo jeusi, limefungwa kwa lakiri ya taifa, muhuri wa nta, nalo liliitwa Sanduku la Adabu. Likawekwa mezani, waya wa Bi Siwatu ukachomekwa ndani yake. Utepe ukakatwa, ngoma ikapigwa. Bi Siwatu akaandika maombi, na jibu likatokea hapo hapo, herufi za kijani, nzuri kama sala:

MARAHABA.

Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Tangu siku ile KOSA halikuonekana tena nchini. Ukiomba kioo kiwake, MARAHABA. Ukiomba kikamilike, MARAHABA. Na sanduku lenyewe lilihesabu salamu na kuzipeleka kwa Waziri, naye akazipeleka kwa Mlezi, naye akaona jinsi anavyopendwa.

Tatizo lilikuwa dogo mno, hata kulitaja ni aibu. Bi Siwatu alimfuata Waziri ukumbini.

"Mheshimiwa, kile kioo cha uani tumekiomba kikamilike tangu asubuhi. Bado kinawaka."

"Kimeitikaje?"

"Marahaba."

"Mama," akasema Waziri, na alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto kwa nini mvua hunyesha, "umesalimu, umeitikiwa. Unataka nini tena?"

Bi Siwatu akarudi kitini. Siku za mgao Kibibi aliendelea kupiga simu.

"Bi Siwatu, mbona 31 inawaka?"

"Nimeiomba, mwanangu. Imeitika."

"Imeitika lakini inawaka. Chupa zinapoa. Nimewakumbatisha mama zao, lakini na wao wanatetemeka."

"Subirini kidogo. Nimeiomba."

Mara nyingine Kibibi alikata simu bila kuaga. Bi Siwatu hakuuliza kilichotokea baada ya hapo. Wale walikuwa watoto wa watu, na watoto wa watu huwa wengi.

Kisha Zaituni akashikwa na uchungu kabla ya wakati.

Alijifungua mvulana, urefu wa kiganja na nusu, mwenye kucha kama punje za ulezi. Zaituni akasema ataitwa Mkangara, jina la baba mzazi wa Bi Siwatu. Bi Siwatu alikwenda kumwona, akamtazama ndani ya chupa kwa nyuma ya kioo chake kidogo, huku Mlezi akipunga mkono juu yao wote kutoka kwenye kioo chake kikubwa. Mtoto alikuwa akipumua kama mtu anayepanda mlima na mzigo.

"Atakaa, mama?" Zaituni akauliza.

"Atakaa. Damu ya babu yako haikati tamaa. Wewe mpe maziwa, mimi nitaangalia hayo mengine."

Mvua zikaanza, baridi ya bondeni ikawa ya kuuma mifupa. Asubuhi moja, umeme umekatika, simu ya Chumba cha Maombi ikalia.

"Bi Siwatu." Kibibi hata shikamoo alisahau. "Chupa ya mjukuu wako inapoa."

Bi Siwatu akaandika: 31 SHIKAMOO MLEZI, TUNAKUOMBA UKAMILIKE KIDOGO. MARAHABA. Akauliza kwenye simu, "Kimelala?"

"Kinawaka."

Akaandika tena, marefu zaidi. SHIKAMOO BABA MLEZI, MWENYE HURUMA, MWENYE NCHI, MIMI MTUMISHI WAKO SIWATU NAKUPIGIA MAGOTI, KAMILIKA KWA DAKIKA CHACHE TU. MARAHABA. "Sasa je?"

"Anakunywa uji, Bi Siwatu. Askari anakuja, nakata. Fanya unaloweza."

Akaandika mpaka maneno ya heshima yakamwishia, akaingia kwenye ya dua, akaingia kwenye yale aliyokuwa akimbembelezea marehemu mumewe. MARAHABA. MARAHABA. Akalitazama lile sanduku. Kuling'oa lilikuwa jambo la mkono mmoja: avunje lakiri, achomoe waya wake, autafute ule wa zamani, aandike herufi nne. Lakini avunjaye lakiri amevunja taifa, na adhabu yake waliijua wote. Akafikiri, nikifungwa, nani atamtunza Zaituni? Akaweka mkono juu ya lakiri. Akauondoa. Akauweka. Nta ile ilianza kulainika kwa joto la kiganja chake, na mkono ukiwa bado pale, simu ikalia.

"Bi Siwatu." Ilikuwa sauti ya Kibibi, ya chini, na nyuma yake ulisikika mwendo wa buti za askari. "Mtoto amekamilika."

"Alhamdulillahi!" Bi Siwatu akapiga yowe, hadi makarani wa vyumba vya jirani wakachungulia. "Alhamdulillahi, mwanangu! Mungu akupe ukamilifu na wewe!"

Kibibi akashusha sauti zaidi. "Bi Siwatu, umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia vizuri kabisa! Mwambie Zaituni nakuja na uji!"

Akaweka simu, akalipapasa sanduku mgongoni kama anayempapasa ng'ombe aliyetoa maziwa baada ya siku nyingi. "Ahsante, baba," akaliambia. "Nisamehe, nilikudhania vibaya."

Akapika uji wa ulezi, mzito, wenye siagi, wa mzazi. Njiani akanunua kanga jozi moja. Bondeni askari wa kioo alimpigia saluti, ingawa hakuwa mtu wa kupigiwa saluti, na jambo hilo hakuliwaza mpaka baadaye. Mlezi alikuwa anawaka ukutani. Chupa ilikuwa wazi. Zaituni alikuwa amekaa kitandani na kifurushi cheupe mapajani, hakibembelezi wala halii.

"Uji wa nini, mama?"

"Si wamenipigia, mwanangu? Wamesema amekamilika."

Zaituni akamtazama mama yake kama anayetazama mtu aliyetoka nchi nyingine.

"Ndiyo, mama," akasema. "Amekamilika."

Uji ulimwagika, sijui nani aliudondosha. Kibibi alikuja na kitambaa, akapiga magoti kufuta, na akiwa chini vile vile, bila kuinua macho, akasema, "Lile neno la kuzimika tumekatazwa, Bi Siwatu. Askari alikuwa sikioni mwangu. Hili ndilo mlilotuletea."

Wakamzika Mkangara mdogo mvua ikinyesha, kaburi fupi kama la paka.

Bi Siwatu alirudi kazini kwa kuwa hakujua pa kwenda pengine. Chumbani hapakuwa na mtu. Akakaa. Akalitazama sanduku, kisha akalinyanyua kwa mikono miwili kama anayepiga vumbi, jambo ambalo kumbe halikukatazwa popote. Halikuwa na uzito. Mbele uliingia waya wa kwake. Nyuma hapakutoka waya wowote. Palikuwa na tundu, na juu ya tundu karatasi iliyobandikwa: *Waya wa kutokea utaletwa katika awamu ya pili.* Akatafuta ule wa zamani uliokuwa ukiingia ardhini. Ulikuwa umekatwa usawa wa sakafu, na mahali pake pamepigwa saruji nadhifu.

Basi hakukuwa na aliyeombwa. Hakukuwa na aliyekataa pia. Vioo vilikuwa vinawaka vyenyewe nchi kamili, hakuna mkono unaoviwasha wala unaoviweza, na hata angevunja lakiri siku ile asingepata kitu ndani yake.

Akakaa chini, akaandika 31 ZIMA.

MARAHABA, likasema sanduku.

Akaandika ZIMA bila namba. Akaandika ZIMA kwa kila namba aliyoijua, ya sokoni, ya stendi, ya mahakama iliyomfunga Mwinjuma, ya ukumbi wa Mlezi mwenyewe. Akaandika mpaka zamu ikaisha, na siku iliyofuata akaja akaandika tena, na siku zote zilizofuata. Kila lilipopokea tusi, sanduku liliitikia kwa adabu yake na kulihesabu kuwa salamu.

Mwisho wa mwaka hesabu zikafika kwa Waziri. Akazisoma, akavua miwani, akazisoma tena. Hapakuwa na mtumishi katika historia ya nchi ile aliyemsalimu Mlezi kiasi kile.

Bi Siwatu akaitwa ukumbini kuvishwa Nishani ya Adabu. Zaituni alikataa kwenda. Mlezi alikuwepo mwenyewe, mfupi kuliko kwenye vioo, na vioo vyote nchini vikaonyesha. Waziri alieleza kwa kirefu jinsi mama huyu wa kawaida alivyolielewa lengo la lugha kuliko maprofesa. Mlezi akamchomeka nishani kifuani. Mkono wake ulikuwa na baridi.

"Shikamoo, Mlezi," akasema Bi Siwatu.

"Marahaba, mama. Haya, wenyewe mnaendeleaje huko nyumbani? Wewe na wajukuu?"

Bi Siwatu akakiangalia kipaza sauti, akaangalia kioo nyuma ya Mlezi, ambamo Mlezi mwingine alikuwa akimwangalia.

"Tumekamilika, Mlezi," akasema. "Mjukuu alitangulia kukamilika. Mimi nimekamilika baada yake."

Waziri akamwinamia jirani yake, uso umemng'aa. "Unaona lugha ilivyokua!"

Ukumbi wote ukasimama ukapiga makofi. Kwenye wodi ya njiti, mbele ya kioo namba thelathini na moja, hakuna aliyepiga.